Makumbusho na Sanaa za Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ifikapo Novemba simu yangu hailali. Ndugu walioko Dar es Salaam, Dodoma na Arusha wanajiandaa kurudi nyumbani kula sikukuu, na wanauliza lile lile: watoto tuwapeleke wapi, waache kushinda sebuleni mbele ya runinga? Mimi huongoza wageni kwenye makumbusho na maeneo ya kale ya Iringa, na mara mojamoja huteremka nao hadi Mbeya na Ziwa Nyasa. Maswali ninayoulizwa zaidi nimeyakusanya hapa.

Nikifika Iringa, nianzie wapi?

Anzia Boma, katikati ya mji. Ni jengo la Wajerumani la yapata mwaka 1900, likapita mikononi mwa Waingereza, kisha likatumiwa na serikali yetu wenyewe. Mwaka 2016 lilifunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni, kazi iliyofanywa kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Ndani utakuta vyombo vya nyumbani, zana, picha za zamani na maelezo ya historia ya mkoa na watu wake.

Jina Iringa limetokana na neno la Kihehe *lilinga*, yaani ngome. Ukiingia Boma unakuwa ndani ya ngome ya mgeni, katika mji ulioitwa kwa ngome ya mwenyeji. Kaa nalo hilo kidogo kabla hujaanza kusoma vibao.

Wageni wengi humaliza vyumba vyote kwa dakika ishirini, wakatoka wakisema wameona. Chagua vitu vitatu tu, simama mbele ya kila kimoja mpaka uweze kumweleza mwenzako kilitengenezwaje na nani alikitumia. Utajifunza zaidi kuliko aliyepita mbele ya vitu mia.

Mkusanyiko na maonyesho vina tofauti gani?

Mkusanyiko ni kila kitu ambacho makumbusho yanakitunza, pamoja na kilichofungiwa stoo. Maonyesho ni vile vilivyochaguliwa na kupangwa ili visimulie jambo fulani. Ndiyo maana kitu ulichokiona miaka mitatu iliyopita huenda leo hukikuti: hakijaibiwa, kimepumzishwa. Vitu vya nyasi, ngozi na nguo hufifia rangi vikipigwa na mwanga muda mrefu, kwa hiyo vinahitaji kupumzika gizani. Ukimtafuta mhudumu ukamuuliza kwa upole, "Kile kikapu cha zamani mmekihifadhi wapi?", mara nyingi atafurahi kuona kuna mtu anayekikumbuka.

Fuvu la Mkwawa liko wapi? Na ni lake kweli?

Fuvu la huyo mtemi wa Wahehe liko Kalenga, mwendo wa kilomita kama 15 kutoka mjini, katika makumbusho yenye jina lake. Swali hili nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu watu wengi wanajua mwanzo wa habari hii na mwisho wake, katikati wanaruka.

Tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Kihehe walilivamia jeshi la Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi wamejipanga na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894. Mkwawa hakusalimu amri. Aliendelea kupigana porini karibu miaka minne, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi pale Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, fuvu hilo likaingia kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246: Ujerumani ilitakiwa kulikabidhi kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Haikulikabidhi. Miaka zaidi ya thelathini ikapita, vita vingine vikubwa vikaja vikaisha, ndipo mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda mwenyewe Bremen, kwenye makumbusho yaliyokuwa na mafuvu kama 2,000. Hebu fikiria: mafuvu 2,000 ya watu wenye mama zao na makaburi yao, yamepangwa kwenye rafu. Walichambua yale yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, wakalinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa ukoo, wakachagua moja. Tarehe 19 Juni 1954 lilirudishwa Kalenga na kukabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Kama ni lake kweli? Vipimo vya enzi zile si sawa na vipimo vya vinasaba vya leo, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka. Mimi wageni wangu huwaambia hivi: hata kama lingekuwa la mwingine, bado ni la mtu aliyechukuliwa akapelekwa mbali na kwao. Vua kofia, punguza sauti.

Naweza kulipiga picha?

Omba ruhusa kwanza, kila mara. Ukikatazwa, usibishane. Na usipige selfi ukicheka mbele yake; hapo ni msibani.

Mbona hayo yote ni historia? Sanaa yenyewe iko wapi?

Hili huulizwa na vijana waliosoma, na linaniuma kidogo. Wanategemea kuona michoro iliyotiwa fremu ukutani, wakiikosa wanasema kwetu hakuna sanaa. Sanaa ya Nyanda za Juu haikutengenezwa ili itundikwe. Ilibeba unga, ikapoza maji, ikachuja pombe ya harusi. Mama aliyesuka kikapu mpaka mistari ikakutana sawasawa bila kuchora mahali popote alikuwa anapanga hesabu na urembo kichwani kwa wakati mmoja. Kwa kuwa alikuwa akiimba huku mtoto amelala mgongoni, hatukumwita msanii, na jina lake hatukuliandika. Zunguka vyumba vya makumbusho mengi: jina la mfalme lipo, jina la ofisa wa kikoloni lipo, jina la aliyesuka halipo.

Kwa hiyo jibu ni kwamba sanaa iko pale pale ulipopita haraka, kwenye chumba cha vyombo vya nyumbani.

Vikapu vya Iringa husukwa kwa kitu gani, na nitajuaje kilicho kizuri?

Husukwa kwa milulu, nyasi ndefu za maeneo ya majimaji, si ukindu kama mikeka ya pwani. Akina mama huikata, huikausha, nyingine huitia rangi, kisha husuka kuanzia kitako kwenda juu. Kikapu kikiwa kimekazwa vizuri hakipitishi hata unga.

Kukichagua, kiinue kwenye mwanga uone kama kuna matundu. Kiweke mezani, kikiyumba, kitako hakikukaa. Pitisha kidole ukingoni, kwa maana mahali fundi alipomalizia kazi ndipo haraka yake inapoonekana. Ukiridhika, lipa bei ya haki. Huwa naona watu wanaonunua soda bila kuuliza bei wakikazana kumpunguzia mama mmoja elfu mbili kwenye kazi ya siku kadhaa.

Ukiwa mjini, pita pia Neema Crafts. Ni karakana iliyoanza mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, na mafundi wake ni watu wenye ulemavu. Mgahawani kwao wahudumu ni viziwi. Unaagiza chakula kwa ishara ulizoelekezwa kwenye karatasi, na watoto huzishika kabla ya wazazi wao. Huko utawaona mafundi wenyewe wakifanya kazi, ukawauliza majina.

Nasikia vyungu vya Wakisi. Vinapatikana Mbeya mjini?

Utavikuta masokoni, lakini kama una siku mbili za ziada, shuka hadi Matema, wilayani Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wafinyanzi ni wanawake wa Kikisi, na kijiji kinachosifika ni Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, ambako watu hufika kwa mtumbwi au kwa miguu. Vyungu hupakiwa mitumbwini vikiletwa sokoni Lyulilo, jirani na Matema, siku ya Jumamosi. Kuona mtumbwi unakuja na vyungu vimepangwa mpaka juu, na maji yakiwa yametulia asubuhi, ni maonyesho ambayo jengo lolote haliwezi kukupa.

Mfinyanzi hatumii gurudumu. Hulijenga dongo kwa mkono, hulisawazisha, hulisugua mpaka ling'ae, hulitia rangi nyekundu ya udongo na mapambo meupe, kisha huvichoma vyungu mahali pa wazi. Hapo ndipo roho huwa juu, maana chungu chenye unyevu au chenye ufa mdogo hupasukia motoni na kazi yote ikapotea.

Ukinunua cha kupikia, usikitupie motoni siku ya kwanza. Kijaze maji au uji mwepesi, kipashe kwa moto mdogo, kikizoea ndipo upikie maharage.

Michoro ya miambani ipo kweli, au ni habari za Kondoa tu?

Kondoa ndiyo yenye jina, lakini Iringa nayo tunayo. Ya karibu na mji ni ya Igeleke, michoro ya rangi nyekundu kwenye mwamba. Nenda na mwenyeji anayepajua, na ushike sharti moja: usiiguse wala usiimwagie maji ili ionekane vizuri pichani. Maji huiosha rangi iliyodumu vizazi kwa vizazi, na mafuta ya vidole huiharibu polepole. Nimeshamwona mtu mzima, mwenye heshima zake, akifungua chupa ya maji kwa nia hiyo. Nilimshika mkono.

Isimila ni ya wanasayansi. Mpenzi wa sanaa ataona nini?

Isimila ni eneo la zana za kale za mawe, kilomita kama 20 kutoka Iringa, kando ya barabara ya Mbeya. Zana zake za mawe zilitambuliwa mwaka 1951, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 mtafiti wa Kimarekani, F. Clark Howell, alifanya uchimbaji mkubwa. Umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka laki mbili.

Sasa chukua muda mbele ya yale mashoka ya mkono. Mengine yamechongwa pande zote mbili zikalingana kama majani ya mti mmoja. Kukata nyama hakuhitaji ulinganifu huo. Jiwe lolote lenye makali lingetosha. Siwezi kukuambia aliyechonga aliwaza nini, ila nikiliona jiwe lile namwona mtu ambaye hakutaka kuacha kazi ikiwa imepinda.

Baada ya hapo teremka korongoni uone nguzo za udongo zilizosimamishwa na mmomonyoko. Msimu wa mvua njia huteleza, kwa hiyo viatu vya kisigino viache hotelini, na wingu likikaza, pandeni.

Tingatinga na vinyago vya Kimakonde je?

Utavikuta madukani, na si vibaya kununua. Ila ujue kila kimoja kina kwao. Vinyago vya Kimakonde vina mizizi katika uwanda wa Makonde, huko Mtwara na Msumbiji. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, ambayo leo iko Mkoa wa Ruvuma, lakini uchoraji wake aliuanzia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akifariki kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Mtindo wake ukaenea nchi nzima. Ukitaka zawadi ya Iringa, beba kikapu. Ukitaka ya Mbeya, beba chungu, ukiwa na nafasi kwenye gari.

Desemba kuna shughuli gani?

Huku kwetu msimu wa sikukuu huanzia tarehe 9, Siku ya Uhuru, na hauishi mpaka shule zikaribie kufunguliwa Januari. Ratiba za ngoma na shughuli maalumu hupangwa na kila kituo, nyingine hutangazwa siku chache kabla, kwa hiyo piga simu au pita uulize. Harusi, ubarikio na mikutano ya ukoo navyo hujaa mwezi huu, na ngoma nyingi za asili utazionea huko. Ukialikwa, nenda. Msalimie mzee kwa "Kamwene" uone uso wake unavyofunguka. Ukiwa Tukuyu au Kyela, sema "Ugonile".

Jambo jingine la msimu ni ulanzi. Mvua zikianza, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha, na utomvu wake hudondokea kwenye kipande cha mwanzi kiitwacho mbeta. Mbeta ile ile unayoiona imelala makumbusho, kavu, imeandikwa kibao, nenda kijijini Januari uione imening'inia kwenye mwanzi ikidondokewa. Ndivyo ninavyopenda watu watembelee: kitu ukione ndani, kisha ukitafute nje kinafanya kazi. Ulanzi mbichi ni mtamu na watu huudharau kwa sababu hiyo; uliolala ni mkali, usiwape watoto.

Makumbusho hufunguliwa siku ya Krismasi?

Usipange tarehe 25. Hata mahali ambapo lango liko wazi, mwongozaji naye ana familia. Siku nzuri ni kati ya tarehe 27 na 30, asubuhi. Viingilio hubadilika, ila raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, hivyo beba kitambulisho. Mnaotoka Dar, hesabuni foleni ya malori mlima Kitonga. Msiahidi kufika Boma siku hiyo hiyo.

Nje ya Desemba, tarehe zipi nizikumbuke?

Ya kwanza kwangu ni 27 Februari, Songea. Siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga machifu na wapiganaji wa Kingoni kwa sababu ya Vita vya Majimaji, na kila mwaka huadhimishwa kwenye Makumbusho ya Majimaji, chini ya Makumbusho ya Taifa. Yapo makaburi na sanamu za mashujaa. Kichwa cha Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Kingoni, kinaaminika kupelekwa Ujerumani, na mpaka leo ukoo wake unakidai. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo akaomba msamaha. Ukienda wakati wa maadhimisho utaona pia ngoma ya lizombe ikichezwa na wenyewe.

Tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani. Nane Nane tunayo Mbeya, viwanja vya John Mwakangale. Ni maonyesho ya wakulima, lakini watu wa vijijini huja na kazi za mikono pia. Na ukiwa Mbeya, kimondo cha Mbozi kisikupite: chuma cha angani chenye uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16, sasa kikiwa Mkoa wa Songwe uliogawanywa kutoka Mbeya mwaka 2016.

Vitu vyetu vingine viko wapi?

Vingi viko Ujerumani, vilivyochukuliwa vitani, vilivyonunuliwa kwa bei ya kutupa na vilivyotolewa na wamisionari. Mwishoni mwa 2024 jijini Berlin yalifunguliwa maonyesho ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa kwa kushirikiana na Makumbusho yetu ya Taifa. Ni hatua. Lakini mtoto wa Kilolo hawezi kwenda Berlin kuona kazi ya bibi yake mzaa bibi, na kwangu hilo ndilo la kutatuliwa.

Babu ameacha mkuki na kigoda cha zamani. Tuuze?

Tafadhali msiwape wanunuzi wanaopita vijijini. Tangu mwaka 1964 tuna Sheria ya Mambo ya Kale, na vitu vya kale havitolewi nchini bila kibali. Kaeni kikao cha ukoo kwanza. Mkiamua kuvikabidhi makumbusho, mwombe hati ya maandishi, na mwandike historia ya kitu: kilikuwa cha nani, kilitoka kijiji gani, kilitumika lini. Mkiamua kubaki navyo, vitunzeni mahali pakavu, mbali na mchwa na moshi, na msivipake vanishi.

Bibi yetu hajasoma na magoti yanamsumbua. Tumlete kweli?

Mleteni kuliko mtu mwingine yeyote.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na familia moja mbele ya kabati la kioo, mahali ambapo sitapataja. Kibao kiliandikwa "Kikapu", basi. Bibi yao, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akipumzika, akaniita. "Mwanangu, njoo. Hicho si kikapu. Hicho tulikuwa tunachujia pombe. Kikapu hakina mdomo namna hiyo." Akataja jina lake kwa Kihehe, akaeleza kinavyooshwa, kinavyokaushwa, na kwa nini kilichosukwa na mama mkwe hakiazimwi. Wajukuu wake, mmoja akiwa mwalimu, walikuwa hawajawahi kulisikia neno lile. Sikuwa na kalamu. Mpaka nafika nyumbani lilikuwa limenitoka, na Pasaka nilipouliza habari za bibi nikaambiwa ameshazikwa.

Tangu siku hiyo sitoki bila daftari. Nanyi mkija na mzee, wekeni simu irekodi, mwombeni ruhusa yeye kwanza, kisha muulizeni mambo manne: hiki kwa lugha yetu kinaitwaje, nani alikuwa akikitengeneza, kilitumika siku gani, na nani alikatazwa kukigusa. Yaandikeni kwa Kihehe, Kibena, Kikinga, Kinyakyusa, Kisafwa, kadiri alivyotamka. Nakala moja wapeni wahudumu wa makumbusho.

Basi tukutane saa ngapi?

Saa tatu asubuhi, kabla mvua ya mchana haijaanza. Njooni na kigoda cha bibi na shuka la kumfunika magoti, kwa sababu Iringa ina baridi hata Desemba. Mwendo wake ndio utakuwa mwendo wetu sote.